Ncha ya Pili ya Uzi

Roboti haina magoti.
Hilo ndilo nililoliona kwanza, asubuhi ile ya Februari,
orofa ya saba ya hospitali inayojengwa Sendai,
zege bado limeshika baridi ya usiku.
Mzee Kurihara anayo mawili, yote mabovu,
ameyafunga kwa vipande vya zulia.

Wakatugawia sakafu:
magharibi yake, mashariki yetu.

Ilitolewa sandukuni, kimo cha beseni la kufulia,
magurudumu manne, tumbo limejaa wino wa buluu.
Bwana Hatakeyama akasimika leza ya miguu mitatu,
akagusa kompyuta kibao kwa kidole kimoja,
na waliosema kidole kimoja hakivunji chawa
wangekuwepo, wangenyamaza kidogo.
Ikaenda. Ikachora ukuta, mlango,
na robo duara ya mlango unavyofunguka;
ikaandika penye soketi, penye bomba la oksijeni,
kwa herufi safi kuliko za mwalimu.
Fundi umeme alifurahi waziwazi. Simlaumu:
mwandiko wa mzee wangu tunausoma mimi na mkewe tu.

Sisi tulikuwa na kidau cha mbao alichokichonga mwenyewe,
ndani pamba iliyolowa wino mweusi,
uzi wa hariri ukipita katikati.
Yeye hushika ncha hii, mimi ile.
Tunauvuta mpaka uwe na sauti,
anaubana kwa vidole viwili, anauinua wima, anauachia,
pa!
Mstari.

Miaka kumi na mmoja nimeishika ncha ya pili.
Uzi huniambia kama amelala vizuri.
Wiki aliyomzika kaka yake ulitetemeka kabla hajaugusa;
sikumwuliza, nikauvuta tu zaidi.

Saa tano roboti imemaliza, imerudi kuchaji.
Ilikwama mara moja, mbele ya kidimbwi cha theluji iliyoyeyuka,
Hatakeyama akakipangusa kwa skafu yake.
Sisi tulimaliza saa kumi jioni.

Mistari ikakutana kwenye korido.
Yaani, haikukutana.
Milimita nne.

Wote wakamgeukia mzee, kwa upole,
upole ule wa wodini.
Msimamizi, Bi. Orikasa, akainama na futi ya chuma.
Akapima kwa mchoro: roboti iko sawa.
Akapima kutoka kwenye nguzo: mzee yuko sawa.
Nguzo ndiyo iliyokosea,
tangu Oktoba, walipomwaga zege mvua ikinyesha;
imesimama pembeni ya pale ilipoambiwa isimame
na inabeba jengo bila kumwomba mtu radhi.

"Ulijuaje?" akauliza Hatakeyama, kwa heshima kabisa.
Mzee akaonyesha kiganja. Kila asubuhi huipapasa nguzo,
kama mtu anayempapasa ng'ombe kabla ya kumkamua.
Hatakeyama akaandika.
"Kesho itapima nguzo kwanza," akasema,
na kweli kesho yake ilipima.
Usiku mmoja. Mimi ilinichukua miaka minne.

Kwenye korido Bi. Orikasa aliuchagua mstari wetu.
Kwa orofa ya nane akaagiza roboti.

Tuliosha mikono kwenye ndoo moja,
maji yakawa meusi, kisha ya buluu kidogo, sijui kwa nini.
Akanipa kidau. Hakusema kitu, alikuwa akitafuta kofia yake.
Ndipo nikaiona, kwenye ncha ya uzi, ncha yangu,
ile niliyoifumba kiganjani miaka yote:
sindano fupi ndani ya kishikio,
ya kuchomeka sehemu na kuufunga uzi
fundi akiwa hana mwenzake.

"Mbona hukuitumia?"

Akaivaa kofia. Akashuka ngazi moja, akapumzisha goti.
"Zege ni gumu," akasema,
"haichomi."

Nimeijaribu leo, kwenye mbao laini za jikoni kwangu.
Inachoma vizuri sana.